Shangazi, naliogopa boya la kwanza

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, umri wangu miaka 38, naishi Mombasa. Nilizaliwa kisiwani lakini nilikua nikiogopa maji, kwa sababu bibi yetu hakuturuhusu kupita pale yanapofika magotini. Nimejifunza kuogelea nikiwa na miaka 35, kwenye bwawa la hoteli moja, pamoja na wasichana wadogo waliokuwa wakinipita huku na huku. Baadaye nikanunua baiskeli ya mashindano ya mtumba, na mwaka juzi nikashiriki triathloni yangu ya kwanza, ile fupi: kuogelea baharini mita 750, baiskeli kilomita 20, kisha mbio kilomita 5. Nilimaliza nikilia kwa furaha.

Mwaka jana ndipo mambo yalipoharibika, na ilikuwa mashindano ya kwanza ya msimu, kama haya yanayokuja. Niliamka saa tisa usiku nikatoka uani kufunga baiskeli kwenye gari. Mbalamwezi iliangaza hata sikuhitaji tochi. Saa moja asubuhi filimbi ikalia, tukaingia majini. Boya la kwanza lilikuwa upande wa kaskazini, sambamba na ufuo. Mtu alinipiga teke la miwani, maji yakaingia. Nikainua kichwa kulitafuta boya, nikaliona, nikaogelea. Nikainua tena, liko pale pale. Mara ya tatu niliona kama limezidi kuwa mbali. Hapo pumzi ikakatika. Kifua kilibana, nikawa navuta hewa na haiingii. Nilishika kayaki ya waokoaji nikakaa dakika nne au tano, sijui, watu wote wakanipita. Baada ya hapo nilisukumana na maji kichura, nikalizunguka boya, na ajabu ni kwamba wakati wa kurudi nilifika upesi sana ingawa sikuwa na nguvu. Nilitoka majini wa mwisho, nikaendesha baiskeli na kukimbia hadi nikamaliza. Nyumbani nilisema nilibanwa na misuli ya mguu. Mume wangu anaamini hivyo hadi leo.

Sasa mashindano ni Jumapili, wiki tatu kutoka leo. Mazoezi yangu ni mazuri kuliko wakati wowote: bwawani, lile la mita 25, naogelea mita 1,500 bila kusimama. Lakini silali. Jana nilikaa barazani hadi saa nane usiku, mwezi mpevu kama ule wa mwaka jana, nikalia. Tumbo linaniendesha kila nikifikiria siku yenyewe. Nawafokea watoto kwa mambo madogo. Binti yangu wa miaka 11 amenichorea bango, na mume wangu ameomba ruhusa kazini ili aje kunitazama. Mwaka jana hawakuwepo. Mwaka huu watakuwepo.

Nimefikiria kusema naumwa. Nijitoe, Shangazi? Au huu ni mwili wangu unaniambia kwamba mchezo huu si wangu?

Mwalimu mwenye mchecheto, Mombasa

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu na ninakujibu siku hiyo hiyo iliyonifikia, kwa sababu wiki tatu hizi ni zako na sitaki nikupotezee hata siku moja. Mara ya tatu nilisimama kwenye mbalamwezi. Umeitaja kama jambo la kupita tu, lakini mimi naiona ndiyo ufunguo wa barua yote.

Mwezi ukiwa mpevu, bahari yetu huwa kwenye bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Pwani ya Mombasa, siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita tatu. Na saa zake hazibadiliki sana mwaka hadi mwaka: bamvua hujaa karibu saa kumi alfajiri na kupwa karibu saa nne asubuhi. Sasa jihesabie mwenyewe. Nyinyi mlianza saa moja. Saa moja ya siku ya bamvua ni katikati kabisa ya kupwa, wakati maji yanakimbia kwa kasi kuliko saa nyingine yoyote ya asubuhi hiyo. Maji yaliyo kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe hayana budi kutafuta mlango wa kutokea, na kabla ya kufika mlangoni husafiri sambamba na ufuo. Wewe ulikuwa unaogelea kuyapinga. Uliniambia mwenyewe bila kujua: kwenda boya halikukaribia, kurudi ulifika upesi ingawa ulikuwa umechoka na unakwenda kichura.

Mtu anayeogelea mita 100 kwa dakika tatu, na nadhani huo ndio mwendo wako, husogea zaidi kidogo ya nusu mita kwa sekunde. Mkondo wa robo mita kwa sekunde ni mdogo, ukisimama ndani yake na maji kiunoni utauona kama kubembelezwa tu. Lakini kwa mwogeleaji huyo unakula karibu nusu ya safari. Kila mita mbili ulizoogelea, bahari ilikurudisha karibu moja. Ukainua kichwa ukaona boya halisogei, ukasema, ni mimi, sifai. Mwaka mzima umebeba hukumu hiyo moyoni, na hukumu yenyewe ilitolewa kwa ushahidi usio kamili.

Nimeanza na hilo kwa sababu naona watu wengi wakihubiriwa ujasiri pale ambapo walihitaji kuelezwa bahari. Mabibi zetu waliotukataza kupita magotini hawakuwa wajinga. Walijua maji yanatembea. Kilichokosekana ni mtu wa kutufundisha yanatembea lini na kuelekea wapi.

Na mwaka huu? Umesema jana mwezi ulikuwa mpevu na mashindano ni wiki tatu kutoka leo. Siku hiyo mwezi utakuwa nusu, na mwezi nusu ni maji mafu. Tofauti ya kujaa na kupwa itakuwa karibu mita moja tu, na saa zinageuka: maji mafu hupwa karibu saa kumi alfajiri na kujaa karibu saa nne asubuhi. Saa moja yatakuwa yanaingia polepole. Hakikisha kwenye jedwali la maji la bandari ya Kilindini, au muulize mvuvi yeyote wa ufuo huo, atakujibu bila kufikiri. Lakini naweza kukuambia tangu sasa kwamba bahari utakayoikuta si ile iliyokutisha.

Hata hivyo mkondo haukukukata pumzi, mwanangu. Mkondo ulikuzuia boya. Pumzi ulijikata mwenyewe, na hili halina aibu yoyote ndani yake, nilieleze lilivyo.

Mtu akishtuka majini, kitu cha kwanza anachofanya ni kuizuia pumzi. Uso uko majini, hatoi hewa. Anageuza kichwa, ana sekunde moja tu, anataka kutoa na kuvuta kwa pamoja. Anavuta juu ya hewa iliyojaa. Mapigo matatu manne ya namna hiyo, hewa chafu inarundikana mwilini, na hiyo hewa chafu ndiyo inayoupigia mwili kengele ya kutaka kupumua. Kwa hiyo unahisi huna hewa wakati kifua kimejaa hewa. Ndiyo maana ulivuta na haikuingia: hapakuwa na nafasi. Dawa ni kutoa. Toa mapovu yote, taratibu, uso ukiwa majini, mpaka kifua kiwe tupu, na hewa mpya itaingia yenyewe hata usipoivuta.

Bwawani huoni tatizo hili, na hapa ndipo naomba usinikasirikie. Unasema unaogelea mita 1,500 bila kusimama. Kwenye bwawa la mita 25 huko ni kugusa ukuta mara 60. Kila ukuta ni nafasi ndogo ya kusukuma, kuvuta pumzi ndefu, kuona ulipo. Si kwamba hujafanya kazi, umefanya, na nguvu zipo. Lakini baharini hakuna ukuta, na mwili wako haujafundishwa kukaa bila ukuta. Wiki hizi tatu ni za hilo. Usiongeze hata mita moja bwawani.

Nenda baharini mara mbili kwa wiki, asubuhi, upepo wa kaskazi ukiwa haujaamka. Usiingie peke yako hata siku moja, hata kama maji ni shwari kama ya karai. Nenda na watu wawili mnaofanya mazoezi pamoja. Siku ya kwanza simama pale maji yanapofika kifuani, tia uso, toa mapovu mpaka yaishe, inua, rudia mara 20. Utaona ni mchezo wa watoto. Ufanye. Niliwafundisha watoto kuogelea kwa miaka mingi na sijaona mtoto aliyelimudu hilo akazimia moyo majini. Kisha lala chali, vua miwani, ijaze maji, ivae tena ukiwa chali, bila kugusa chini. Rudia mpaka mikono ifanye bila kukuuliza. Lile teke la mwaka jana linaweza kuja tena, ni kawaida watu wengi wakiingia pamoja, na safari hii mikono yako itakuwa inajua cha kufanya.

Siku ya tatu waombe wenzako wakusumbue. Mmoja aogelee amekubana kulia, mwingine akuguse miguu. Mwanzoni utakasirika. Endelea kutoa mapovu.

Halafu kuna suala la kutazama mbele. Boya ni kitu kifupi, wimbi dogo tu linalificha, na wewe kila ulipolikosa moyo uliruka. Kabla ya kuingia, simama ufuoni utafute kitu kirefu kilicho nyuma ya boya kwenye mstari mmoja nalo: mnazi uliopinda, paa la hoteli, mnara wa simu. Hicho ndicho utakachokitazama, mara moja kila mapigo nane au kumi, macho tu yakichungulia juu ya maji, si kichwa kizima. Ukiinua kichwa kizima miguu inazama na unachoka bure. Kama maji yanakusukuma upande mmoja, lenga upande wa pili wa boya, kama nahodha anavyolenga.

Sasa kuhusu tumbo na usingizi, kwa maana hayo ndiyo yanayokutesa leo.

Lugha yetu imekupa neno zuri mwishoni mwa barua, na umelitumia kana kwamba ni ugonjwa. Mchecheto. Bibi harusi ana mchecheto. Mtoto anayengojea sikukuu ana mchecheto. Moyo unaodunda, viganja vyenye jasho, tumbo linalojimwaga, ni mwili uleule unaojiandaa kwa kazi: damu inapelekwa kwenye misuli, na tumbo linaambiwa lifunge duka. Mwaka 2014 mtafiti wa Harvard, Alison Wood Brooks, alichapisha majaribio ya watu waliotakiwa kuimba, kuhutubia na kufanya hesabu mbele ya wengine. Waliojiambia kwamba wana hamu na jambo lile walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Mimi naliamini hilo kwa sababu nimeliona. Kumwambia mtu atulie wakati mwili wake unapiga ngoma ni kumwongezea kazi ya pili. Sema, nina hamu. Sema kwa sauti, gari likiwa njiani. Ni kweli pia, kwani kama huna hamu kwa nini umeamka alfajiri mwaka mzima?

Na usidhani ni wewe peke yako. Agosti 2022 nilikwenda Rubavu, Rwanda, kumshangilia mwanafunzi wangu kwenye Ironman 70.3 ya kwanza kufanyika huko. Wanaogelea kilomita 1.9 katika Ziwa Kivu, baiskeli 90, mbio 21.1. Kulikuwa na watu wenye misuli kama nyaya, waliokwisha kushindana nchi nyingi. Foleni ndefu kuliko zote alfajiri ile ilikuwa ya chooni. Nilimwona baba mmoja mtu mzima ameinama nyuma ya gari akitapika, akajipangusa, akaenda kuvaa kofia yake ya kuogelea. Mashindano ya kwanza ya msimu yana ukali wake hata kwa wazoefu, maana miezi mingi imepita na mwili umesahau kelele, umesahau filimbi. Mimi mwenyewe nilianza mchezo huu nikiwa na miaka 41, na mwaka wangu wa tatu nilikaa ndani ya gari nikashindwa kufungua mlango, mpaka rafiki yangu akaja kugonga kioo. Nilishindana siku ile. Mashindano ya pili ya msimu nilifungua mlango mwenyewe.

Usiku wa kuulinda ni wa Ijumaa. Jumamosi usiku huenda usilale, na usipolala hutakufa njaa ya usingizi kwa usiku mmoja, lala tu chali gizani na simu iwe chumba kingine. Jumamosi kula wali mweupe na samaki wa kuchoma au kuku, mapema, pilipili uiache. Najua Jumapili Mombasa ni mahamri na mbaazi za nazi, zitakungoja baada ya mashindano. Asubuhi ile kunywa uji au kula mkate na asali saa mbili au zaidi kabla ya filimbi, na ndizi moja.

Sasa nifike kwenye lile ambalo hukuniuliza.

Umemwambia mume wako kwamba ulibanwa na misuli. Nakuelewa kwa nini. Lakini naona ndilo jiwe zito kuliko yote katika barua hii. Mwaka jana uliogopa ukiwa peke yako. Mwaka huu unaogopa, na juu yake unaogopa kuonekana ukiogopa na watu wawili unaowapenda kuliko wote, ambao hawajui kwamba kuna kitu cha kuogopa. Hebu fikiria binti yako amesimama ufuoni na bango lake. Mama yake anageuka chali katikati ya maji. Hajui maana yake. Atapiga kelele, baba yake atataka kuvua viatu. Na wewe, ukijua hivyo, hutathubutu kugeuka chali hata pale utakapohitaji sana. Utalazimisha, na kulazimisha ndiko kulikokukata pumzi.

Waambie leo jioni, baada ya chakula. Huna haja ya kulifanya kuwa ungamo kubwa. Mwambie mume wako: mwaka jana hayakuwa misuli, niliishiwa pumzi nikashika kayaki, niliona haya kukwambia. Halafu mwite binti umweleze kama unavyoeleza darasani: ukiniona nimelala chali napumzika, sizami, ukiniona nimeshika boya au kayaki napumzika, na kanuni za mchezo zinaniruhusu mradi nisisogezwe mbele nayo, nikiinua mkono juu na kuuacha huko, hapo naomba msaada, na waokoaji wapo kwa kazi hiyo. Mtoto wa miaka 11 akipewa alama tatu za kusoma hatakuwa na hofu, atakuwa na kazi. Nawe utakuwa na ruhusa ya kupumzika. Ninavyoona mimi, ukiipata ruhusa hiyo kwa moyo mweupe huenda usiihitaji.

Nijibu swali lako sasa. Usijitoe kwa sababu ya hofu. Na usisingizie ugonjwa, utakuwa umeongeza jiwe la pili. Lakini zipo sababu za kweli za kujitoa, nazo nataka uzijue. Kama mwaka jana, pamoja na kubanwa, ulikuwa na maumivu ya kifua yaliyoendelea baada ya kutoka majini, au ulikohoa povu au damu, au ulizimia, au katika ukoo wenu kuna mtu aliyefariki ghafla kwa moyo akiwa kijana, nenda kwa daktari wiki hii kabla ya kugusa bahari. Na kama katika mazoezi haya mapovu na kulala chali havikusaidii hata kidogo, acha mashindano haya na upangie yajayo. Msimu una mashindano zaidi ya moja. Hilo ulilitamka kama kushindwa; mimi naliita uamuzi wa mwanamichezo.

Siku yenyewe fika mapema, panga vitu vyako eneo la kubadilishia: kofia ngumu juu ya usukani, mkanda wake umefunguliwa, viatu vya kukimbia vimelegezwa kamba. Kofia uifunge kabla hujaigusa baiskeli, wengi huadhibiwa kwa kusahau hilo kwa sababu ya kiherehere. Ingia majini dakika kumi kabla, maji yetu wakati huu yanafika nyuzi 28 hivi, hayana mshtuko wa baridi, lakini uso na mapafu vinahitaji kusalimiana nayo. Filimbi ikilia, simama pembeni, si katikati. Hesabu hadi kumi. Waache waende. Mapigo 100 ya kwanza uogelee kwa mwendo ambao ungeweza kuimba. Wenye haraka watakuwa wamekwisha kupigana mateke mbele huko, wewe una bahari yako.

Na kama kitu kitakwenda mrama, kiache kiende. Katika Olimpiki ya Tokyo, tarehe 26 Julai 2021, mbio za wanaume za triathloni zilianzishwa wakati mashua ya wapiga picha bado imeziba njia ya waogeleaji. Wengine walijitupa majini, wengine wamebaki jukwaani wanatazama. Walioingia wakafukuzwa nyuma na kurudishwa, wakiwa tayari wameogelea kwa nguvu zote, wakaanza upya. Ni watu waliojiandaa miaka mitano kwa asubuhi ile moja. Kristian Blummenfelt wa Norway alianza upya kama wenzake, na ndiye aliyechukua dhahabu. Nalikumbuka sana jambo lile kila ninapomwona mtu anadhani mwanzo ukiharibika kila kitu kimeharibika. Wewe mwenyewe mwaka jana ulikaa kwenye kayaki dakika tano, kisha ukamaliza kuogelea, ukaendesha kilomita 20, ukakimbia kilomita 5. Sehemu hiyo umeiandika kwa sentensi moja tu. Mimi naona ndiyo iliyostahili ukurasa mzima.

Baiskeli na mbio sitakuandikia mengi, huko huna shida. Kama njia ni ile ya kuelekea Kilifi, kaskazi itakupiga usoni kwenda na kukusukuma kurudi, basi usijimalize mapema. Beba tyubu moja ya akiba. Kunywa maji kabla hujasikia kiu.

Jumapili alfajiri, saa kumi na mbili na nusu hivi, chukua kumbi la nazi, mwite binti yako, nendeni mpaka maji ya magotini. Alitupe mbali kadiri awezavyo, kisha atembee ufuoni akilifuata na kuhesabu hatua zake kwa dakika mbili. Akwambie linaelekea upande gani na amehesabu ngapi. Kisha mpe bango lake ashike, uvae miwani.